Piga 211 leo, usingoje umeme ukatwe

Pole sana dada. Kwa kuwa uko Marekani na yote yamekubana kwa pamoja, chakula, kodi ya nyumba na notisi ya kukatiwa umeme, anza na 211, namba ya simu ya kuulizia misaada. Kupiga ni bure, na watakutajia mashirika ya karibu nawe yanayosaidia. Kiingereza kisikutie hofu: sema tu “Swahili” uombe mkalimani.

Umeme ndio wa kuwahi. Piga kampuni yenyewe kabla ya tarehe ya kukata, uombe kulipa kidogo kidogo, kisha uulize ofisi ya LIHEAP ya eneo lako (mpango wa serikali wa kusaidia bili za umeme na joto) kuhusu fungu la dharura. Ile notisi usiitupe, kwa sababu ndiyo ushahidi wako. Na kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya umeme, lisemwe hilo kwanza kabisa!

Chakula hakina mlolongo mrefu. Makanisa na misikiti mingi hugawa bila maswali mengi. Kama unastahili SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, uliza kama unastahili ile ya haraka, ambayo hutolewa ndani ya siku 7.

Kodi ya nyumba ni ngumu zaidi, fedha za kuisaidia huisha upesi. Ukiletewa karatasi za mahakama, fika mahakamani siku iliyoandikwa humo hata kama huna senti.