Unguja hadi Pemba kwa ndege: dakika zinaishia wapi?

Swali: Assalaamu alaykum, kapteni. Kila mwezi napanda Cessna Caravan kutoka Unguja kwenda Pemba kuwaangalia wazee. Simu yangu inapima kilomita 125 baina ya viwanja viwili, na nimeambiwa ndege ile hukata kama kilomita 300 kwa saa. Kwa hesabu yangu ni dakika 25. Mbona ratiba inaandika 30, na mwezi wa saba tulitumia 37? Mnapita njia nyingine?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kipimo chako ni sahihi, na unaweza kukihakiki kwa kalamu. Uwanja wa Abeid Amani Karume upo latitudo 6°13′ kusini, wa Pemba 5°15′. Tofauti ni dakika 58 za latitudo (si za saa; hapa dakika ni sehemu moja ya sitini ya digrii), na kila dakika moja ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Kwa upande wa mashariki kuna maili 35 nyingine. Chora pembetatu mraba: upande mrefu unakuja maili 68 hivi, ndizo hizo kilomita 125.

Njia nayo ni ileile. Tunaiacha Unguja karibu na Kiwengwa, Mnemba inabaki kushoto, halafu ni bahari tupu mpaka uione mikarafuu ya kusini mwa Pemba. Hapo katikati hatuna kona. Kona ziko kwenye ncha mbili za safari, na ndizo zilizokula dakika zako za mwezi wa saba.

Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Barabara ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini–kusini, basi msimu wa kusi, upepo wa kusini unaovuma mwezi wa saba, tunaruka tukiipa Pemba mgongo, kisha ndio tugeuke. Ya Pemba imelala karibu sawa na mstari tunaojia. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, tunaingia moja kwa moja. Wakati wa kusi hutubidi tupite kando ya uwanja, tugeuke, tutue tukitazama tulikotoka.

Njiani kusi halitupingi, linatupiga ubavuni kulia. Ukikaa viti vya mbele utaona pua ya ndege imeelekea kulia kidogo kuliko Pemba, na bado tunakwenda Pemba. Kaskazi ndiyo hutukabili. Caravan ikienda maili 165 za baharini kwa saa, upepo wa maili 20 usoni huibakizia 145, na dakika 25 za angani zinakuwa 28. Kurudi, upepo huohuo unatusukuma, tunatumia 22.

La mwisho ni ardhini. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama upande wa pili. Mbele yetu ikiruka ndege kubwa ya abiria, waongoza ndege hutuzuia kama dakika mbili, kwani mbawa zake huacha nyuma mizunguko ya hewa yenye nguvu ya kuipindua ndege ndogo kama yetu. Macho hayaioni, na mimi siku zote nasubiri mpaka niruhusiwe, hata abiria wakiguna.

Safari ijayo, tazama saa magurudumu yanapoacha lami Unguja na yanapoigusa Chake Chake. Tofauti yake ndiyo uilinganishe na hesabu yako.