Jibu: Manyoya ya kuokota au damu, kwa vinasaba vya kunguru wa Dar?

Ndugu, umeuliza kama manyoya unayookota chini ya miembe yanatosha, au lazima umtoe kunguru damu. Yanatosha kwa kutambua spishi, ila yakishapigwa jua na mvua, vinasaba huwa vimekatikakatika. Tena hujui kama manyoya kumi ni ya ndege kumi au ya mmoja.

Mimi ningechukua damu. Chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, mahali vinasaba vinapokaa, tofauti na zetu, kwa hiyo tone moja lina vinasaba tele. Choma mshipa wa bawa, upande wa ndani penye kiwiko, kwa sindano nyembamba. Kinga tone kwa mrija mwembamba wa kioo, kisha bana kwa pamba hadi damu ikatike ndipo umwachie. Usizidishe asilimia 1 ya uzito wa mwili. Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, iepuke, huvuruga PCR, yaani njia ya maabara ya kunakili vinasaba. Na lebo andika kwa penseli! Wino huyeyuka kwenye ethanoli, nami niliwahi kubaki na vichupa visivyo na jina.

Kuwanasa ndiyo kazi. Kunguru mjanja mno, wavu akiuona mara moja basi. Jaribu kizimba chenye nyama na kunguru hai ndani awavute wenzake.

Kibali anzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), hata kama ndege mwenyewe ni mvamizi. Mjulishe na mwenyekiti wa mtaa, usije ukadhaniwa mwanga.