Nalipia mega 20, napata 4

Swali: Usiku nikipima intaneti ya nyumbani napata kasi ya mega 4 kwa sekunde, nami nalipia 20. Naibiwa? Msomaji, Ibanda, Bukavu

Jibu: Usipime kwa waifai, ukuta mmoja wa tofali unatosha kuharibu kipimo. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, ondoa simu zote kwenye mtandao, pima saa 11 alfajiri na saa 2 usiku, siku tatu mfululizo. Ukipata 18 alfajiri na 4 usiku, ruta ni nzima: muuzaji amegawia wateja wengi mno njia moja, na si haki ulipe bei kamili. Ila soma mkataba. Neno «jusqu'à», yaani «hadi», mbele ya 20 ndilo kinga ya muuzaji. Dai punguzo kwa barua, ambatanisha picha za vipimo zenye saa. Akikaa kimya, peleka nakala ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano Kongo.