Jibu: Mlima uwekwe siku gani?
Ndugu yangu, umeuliza kama mbio zako za baiskeli za siku nne kutoka Malindi zianze na mlima. Hapana, utawamaliza watu mapema. Siku mbili za mwanzo wape tambarare ya pwani, na kama ni msimu wa kusi upepo utawachuja vya kutosha. Siku ya tatu ndiyo mlima wenyewe: Mwatate hadi Wundanyi, kule vilima vya Taita. Na utepe wa kumalizia uwe juu kabisa, tafadhali! Ukiongeza kilomita 30 za tambarare baada ya mteremko, kundi la nyuma litapokezana kukata upepo na kumnasa aliyepanda peke yake. Barabara ya kupanda Alpe d'Huez kule Ufaransa, maarufu kwa mbio za baiskeli, ni kilomita 13.8 tu, wastani wa mwinuko asilimia 8.1, lakini hapo wanaume hujulikana. Zile kona za Wundanyi zifagiliwe changarawe asubuhi hiyohiyo.