Je, naweza kumwomba Mwalimu Nyerere amwombee mwanangu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu wa miaka sita ana selimundu. Usiku maumivu yakimshika, namwomba Mwalimu Nyerere amwombee kwa Mungu. Picha yake nimeitundika juu ya kitanda. Kaka yangu hataki kusikia. Babu yetu, huku Chamwino, aling'olewa paa la tembe lake wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Kaka anasema mwanasiasa kama huyo hawezi kuwa mtakatifu, na kwamba ninakufuru.

JIBU: Milele amina, mama. Pole sana kwa kukesha.

Endelea kuomba. Tangu 2005 Mwalimu anaitwa Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza ya kuelekea kutangazwa mtakatifu, na mwamini anaruhusiwa kumwomba faraghani mtu wa ngazi hiyo. Muujiza unaosubiriwa ili awe mwenye heri utatoka wapi kama akina mama wa Chamwino hawaombi? Ila msimtaje kwenye litania ya jumuiya wala msiweke picha yake altareni. Hayo ni mpaka Roma iseme.

Sasa hoja ya kaka. Naisikia kila Oktoba, watu wakitoka kwenye misa ya kumbukumbu, na kusema kweli imenichosha. Nani amesema mtakatifu ni mtu asiyekosea kutawala? Kesi ya mtumishi wa Mungu haipimi kama Ujamaa ulijaza maghala. Inapima imani, matumaini na mapendo yake. Mfalme Ludoviko wa 9 wa Ufaransa aliongoza vita ya msalaba iliyoishia yeye mwenyewe kutekwa Misri mwaka 1250, na mwaka 1297 Kanisa likamtangaza mtakatifu, bila kuitangaza vita yake kuwa takatifu. Mwalimu naye alikiri kwamba kufuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Nitajie wanasiasa watatu waliokiri hivyo.

Lakini usiende kumsomea kaka yako aya hiyo. Agizo la 1973 la watu wote kuhamia vijijini lilikuwa la Mwalimu, tusilizungukezunguke. Tembe la Mgogo si kuta na udongo tu. Ng'ombe wamo, uwele umo, wazee wamezikwa hapo hapo. Ukiling'oa paa umeanika ukoo mzima. Kaka analia kwa ajili ya babu, na hilo si dhambi. Tena Kanisa linamhitaji: katika kesi hizi, mwenye jambo dhidi ya mtumishi wa Mungu anatakiwa alilete. Aandike ya babu, ayapeleke kwa Askofu. Mwambie mimi ndiye niliyemtuma.

Kuhusu mtoto: anywe maji mengi, asikose kliniki, na akipata homa usingoje umalize rozari, mkimbize hospitali. Mwombe kaka aje usiku mmoja akae naye, wewe ulale. Picha ikimkwaza, ihamishie chumba kingine. Sala itafika bila picha.