Jibu kwa mwalimu wa Kongwa: kutambua vipaji vya michezo kwa vijana wenye ulemavu

Mwalimu mleta mada,

Umeeleza kwamba uliwakusanya wanafunzi wenye ulemavu wa shule yenu, ukawashindanisha kwa siku moja, na hukumwona hata mmoja mwenye dalili ya kipaji. Nimefundisha michezo kwa watoto wa aina hiyo hapa Chamwino kwa miaka kadhaa, na ninakusihi usiyaamini matokeo ya siku hiyo. Wengi wao huachwa kivulini walinde madaftari ya wenzao wakati wa kipindi cha michezo, na nyumbani huzuiwa kukimbia wasije wakaumia, kwa hiyo ulichopima ni kunyimwa mazoezi. Wafundishe vizuri kwa muhula mzima, uandike matokeo ya kila mmoja kila wiki, kisha umtafute anayepanda haraka kuliko wenzake, hata kama alianza akiwa wa mwisho.

Kabla ya kumhukumu mtoto, kagua kifaa anachotumia. Nilikuwa na binti aliyepooza miguu, ambaye alirusha tufe akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Kila aliporusha kiti kilirudi nyuma, nguvu zake zikapotelea kwenye magurudumu, na waliokuwa wakitazama wakasema mikono yake ni dhaifu. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kiti cha mabomba ya chuma chenye nguzo ya kushikilia kwa mkono usiorusha, na tulihakikisha kimo chake pamoja na mto hakizidi sentimita 75, ambacho ndicho kikomo cha kanuni. Tulikifunga kwa kamba kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, naye tukamfunga mikanda mapajani. Tufe likaanza kuangukia mbali kuliko alama zake zote za awali, na mabega yale yale yaliyodharauliwa yakawa ndiyo ya kutegemewa shuleni.

Jifunze pia makundi ya riadha ya wenye ulemavu, ambayo hutajwa kwa namba, kwa sababu mtoto hushindana na wenye kiwango cha ulemavu kinachokaribiana na chake. Namba 11 hadi 13 ni za wasioona na wenye uoni hafifu, 20 ni ya ulemavu wa akili, 40 na 41 ni za wenye kimo kifupi, na 51 hadi 57 ni za wanaoshindana wakiwa wameketi. Upangaji rasmi hufanywa na wataalamu; wewe unahitaji makadirio tu ili usimlinganishe mtoto na asiye wa kundi lake. Viziwi wana michezo yao ya kimataifa, nje ya Paralimpiki, na kwao kinachohitajika zaidi ni kuanzisha mbio kwa bendera badala ya filimbi.

Kwa wasioona, anza na mpira wa goli (goalball), ambapo timu mbili hurushiana mpira kwa mikono. Mpira una kengele ndani, kila timu ina wachezaji watatu waliofunikwa macho, na uwanja una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Mistari iwekewe kamba chini ya utepe ili waipapase. Mtazame yule ambaye mwili wake huanza kuelekea upande sahihi mara tu mpira unapotoka mkononi mwa mpinzani. Usikivu wa namna hiyo ni nadra sana.

Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na huenda wakastahili kundi la 12 au 13. Wafanye mazoezi alfajiri, wakiwa na kofia pana na mikono mirefu, kwani jua la Dodoma huwaunguza, na huniuma kuwaona wakisubiri zamu uwanjani saa saba mchana.

Wazazi wakisita, waeleze habari za Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Wachezaji wote isipokuwa kipa hucheza kwa mguu mmoja na magongo, na kipa hudaka kwa mkono mmoja. Mzazi akilisikia hilo, mara nyingi swali linalofuata ni la nauli na muda wa kurudi nyumbani, nayo yanazungumzika.

Vipaji vingi hupotelea kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza, mtoto anapohamia mahali ambapo hakuna anayemjua. Mpe mwalimu wa michezo wa shule hiyo nakala ya kumbukumbu zake za kila wiki pamoja na vipimo vya kiti chake, na ikiwezekana mpe na kiti chenyewe.