Kosa lililozaliwa kwenye ts

Kusi ilikuwa imekaza, mashua nyingi hapa Lamu zimetia nanga, ndipo mjomba akaniletea daftari lake: kilo za samaki zilizopimwa dikoni kila mwezi kwa miaka 6. Alitaka kujua mwaka ujao utakuwaje kabla hajanunua jarife jipya.

Niliziingiza hesabu zote kwenye R, programu ya takwimu, nikaandika ts(samaki) ili ziwe mfululizo wa wakati, kisha stl(samaki), inayotenganisha msimu na mwelekeo. Programu ikagoma, ikisema mfululizo hauna vipindi. Nilishinda usiku mzima nikichezea agumenti (vigezo) za stl, na huko hakukuwa na ubaya wowote. Kosa lilionekana kwenye stl ila lilizaliwa kwenye ts. Usipotaja frequency, yaani vipimo vingapi kwa mwaka, R huweka 1, maana yake haijui mwezi, haijui kusi wala kaskazi. Kwa takwimu za kila mwezi andika frequency = 12, na start = c(2016, 1) kama daftari linaanzia Januari 2016.

Nilipolirekebisha hilo, stl ikadai s.window, yaani upana wa dirisha la kulainisha msimu, kwa sababu agumenti hiyo haina thamani ya kuanzia. Wengi huandika "periodic", tena ndani ya alama za nukuu. Mimi kwa samaki napendelea namba witiri kama 13, kwani "periodic" hulazimisha msimu wa kila mwaka ufanane kabisa na mwingine, na bahari yetu haiko hivyo.

Kisha nikajenga modeli ya kutabiri kwa fanksheni ya arima. Humo, order ni orodha ya namba 3 ndani ya c( ). Ukisahau c, inakukatalia papo hapo, nawe unarekebisha.

Kinachonitia hofu ni kosa lisilosema kitu. Niliandika predict(modeli, h = 12), ikanipa mwezi mmoja tu, bila onyo lolote. Agumenti h ni ya forecast, ile pakiti ya ziada ya R iliyoandikwa na Rob Hyndman. Predict ya arima inaitaka n.ahead, na isipoiona hutabiri hatua 1. Ile h ilimezwa na vile vidoti vitatu vilivyo mwisho wa fanksheni, ambavyo hupokea chochote. Ukiandika args(predict) hutaona n.ahead, fungua ?predict.Arima, ndipo orodha kamili iko.

Ningemsomea mjomba ule mwezi mmoja kama mwaka mzima, angepoteza pesa zake. Sasa kila nikitabiri, nahesabu kwanza majibu yaliyotoka: nikiomba 12, lazima nione 12.